Furaha Isiyokatwa kwenye Mshahara

Swali liliulizwa na binti aliyekuwa na majuma machache tu jijini, aliyeletwa kutoka Singida kulea mtoto wa jirani yetu. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi chini ya mkungu, mbele ya duka, Mikocheni, Dar es Salaam, wenzangu wakisubiri basi la shule ya awali, na yeye, ambaye alikuwa hajajua bado mambo gani huulizwa pale na yapi hayaulizwi, alinigeukia akasema, "Dada, wewe kazi hii unaipendea nini?" Mgongoni nilikuwa na mtoto mchanga wa mwajiri wangu amelala. Miguuni pangu kaka yake wa miaka mitatu alikuwa akipanga kungu zilizodondoka, kubwa upande mmoja na ndogo upande mwingine.

"Naipendea tarehe thelathini," nikamjibu.

Wenzangu walicheka, mmoja akanigonga kiganja, basi likafika, kila aliyekuwa akisubiri akampokea wake na mkoba wake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo swali lile limekuwa likipanda nami basi asubuhi na kushuka nami jioni. Jibu nililotoa lilikuwa la kweli, kwa maana tarehe thelathini naipenda na siioni aibu. Hata hivyo halikuwa jibu lote, na kinachonisumbua hasa ni kwamba sote tuliokuwa pale, isipokuwa yule binti, tulielewa bila kuambizana kwa nini lile lililobaki linafaa kufichwa.

Benchini furaha haisemwi

Ukikaa nasi chini ya mkungu utasikia habari za homa, za meno yanayoota, za shati lililoungua kwa pasi, za nani anapokea fedha za mchezo wa kuchangiana mwezi huu, za mwajiri anayehesabu vipande vya nyama kabla ya kwenda kazini, na za wakala fulani anayewaahidi wasichana kazi Muscat, Oman, kwa mshahara ambao sisi tunaupata kwa miezi mingi. Malalamiko yana nafasi yake hapo kwa sababu yana faida: anayelalamika huambiwa la kufanya, au angalau hupewa pole. Anayesema kwamba leo amefurahi, kwamba mtoto amemfanya acheke mpaka akaketi chini, hutazamwa kidogo kisha mazungumzo huhamia kwingine.

Mwenzetu mmoja mtu mzima, aliyelea watoto Upanga na Masaki tangu mimi nikiwa shule ya msingi, ndiye aliyenifunulia sababu nilipoanza kuja pale. Aliniambia nisimsifie mtoto mbele ya mama yake kwa namna itakayomfanya mama ajue kwamba siwezi kuondoka.

Nilidhani ni ukali wa mtu aliyechoka. Siku hizi naona ni hesabu.

Furaha ya mfanyakazi ikishajulikana, hugeuka kuwa sehemu ya malipo yake bila yeye kuulizwa. Walimu wanalijua jambo hili, wauguzi wanalijua pia, kwa kuwa kila wanapotaja posho huambiwa kwamba kazi yao ni wito. Sisi hatuambiwi kwamba tuna wito, kwa sababu neno hilo ni kubwa mno kwa mtu anayeingia kwa mlango wa jikoni. Tunaambiwa kwamba tuna bahati ya kupenda watoto. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na methali hii husomwa kwa sauti katika kila sherehe ya kumfunda mwali. Huwa nashangaa kwamba waliosema kulea ni kazi hawakufika kwenye suala la ujira.

Kulipwa ili kutazama sisimizi

Naomba basi niyaandike hapa yale ambayo benchini siyasemi.

Silali kwa mwajiri. Nimepanga chumba Kimara, na yeyote aliyewahi kugombea mlango wa basi la mwendokasi pale saa kumi na moja alfajiri hahitaji kuelezwa hali ninayofika nayo. Kabla sijaweka mkoba chini huwa nina kazi ya kwanza, nayo ni kumtafuta Babu. Babu ni yule wa miaka mitatu. Amepewa jina la babu yake mzaa baba na nyumba nzima humwita hivyo kwa heshima. Akisikia geti hukimbilia nyuma ya pazia la sebuleni, pazia lile lile kila siku, vidole vya miguu vikiwa nje. Utaratibu unanitaka nimtafute kwanza ndani ya sufuria, kisha chini ya mto, kisha ndani ya friji, nikisema kwa sauti kwamba leo ninaogopa mtoto kweli amepotea. Nikifika kwenye friji pazia huwa limeshaanza kutikisika kwa kicheko. Nimefanya hivyo asubuhi ambazo nilikuwa na deni la kodi na asubuhi ambazo niligombana na konda wa daladala, na sijawahi kufika kwenye friji nikiwa na hasira ile niliyoingia nayo.

Mama, yaani mwajiri wangu, akishaondoka na jua likiwa bado la kuvumilika, tunatoka kutembea. Njia ni fupi. Mtu mzima angeimaliza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Sisi inatuchukua karibu asubuhi nzima. Tunasimama kwa fundi baiskeli kuangalia gurudumu likizunguka bila tairi. Tunamsalimu mama wa vitumbua, ambaye humuuliza Babu kama ameoa, naye hujibu kwamba bado anatafuta fedha. Tunapita kwa kuku mmoja mwenye manyoya mpaka kwenye vidole, ambaye Babu ameamua kwamba amevaa soksi, na jioni anapomweleza baba yake kwamba "yule wa soksi ametaga," baba hunitazama mimi apate tafsiri. Kuna mambo mengi ya namna hiyo katika maisha ya mtoto huyu, mambo yanayojulikana na watu wawili tu duniani, na mmoja wao ni mimi.

Halafu kuna sisimizi. Siku moja walikuwa wamevuka njia kwa mstari mrefu wakibeba bawa la kumbikumbi, na Babu akachuchumaa. Nilichuchumaa pembeni yake. Magari yalipita, bodaboda zikapita, mwanamume mwenye bahasha akatukwepa akiangalia saa yake, na sisi tukabaki pale mpaka lile bawa lilipoingia kwenye ufa wa ukuta, ambapo lilikwama mara kadhaa na kuzungushwa kwanza. Babu alishangilia. Katika jiji hili ambalo kila mtu hulipwa ili awahi, mimi nilikuwa nalipwa ili nisiwahi.

Hiyo ni furaha, na nisiipunguze.

Ipo pia furaha nyingine ambayo watu hawaitarajii kwetu, nayo ni ya ufundi. Najua kilio cha njaa na kilio cha usingizi tangu kinapoanza, kabla hakijawa na sauti kamili. Najua kwamba Babu akikataa chakula kwenye sahani atakila kwenye mfuniko wa hotipoti, na kwamba asilazimishwe kuvaa viatu bali aulizwe aanze na mguu gani. Hakuna chuo kilichonifundisha haya. Niliyapata kwa kutazama, kujaribu na kukumbuka, na kila ninapopatia huwa naona raha ile ile ambayo bila shaka fundi seremala anaiona mlango unapofunga bila kusugua fremu. Watu wakituambia kwamba tunapenda watoto, mara nyingi huwa wamefumba macho wasiuone ujuzi huu, kwa sababu upendo huhesabika kuwa wa bure na ujuzi hauhesabiki hivyo.

Na ipo saa moja ya mchana, siku zenye heri, ambapo wote wawili hulala kwa pamoja. Nyumba hunyamaza. Nakunywa chai iliyokwisha kupoa, miguu juu ya kigoda. Sehemu kubwa ya makala hii imeandikwa kwa kidole gumba katika saa hiyo.

Siku 84

Mdogo wake Babu alikuja mwaka huu, na sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya mwaka 2004, humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 ikiwa amejifungua pacha. Baba hupewa siku tatu. Siku 84 zikiisha mtoto bado hawezi kukaa, shingo ndiyo kwanza imekaza, na wataalamu wa afya wanasisitiza kwamba mpaka miezi sita asipewe kitu kingine isipokuwa maziwa ya mama. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mama anyonyeshe kwa muda usiozidi saa mbili katika siku ya kazi, lakini ofisi ya Mama iko Posta, katikati ya jiji, na nyumba iko Mikocheni, na aliyetunga kipengele hicho ama alikuwa na mtoto ofisini ama hakuwahi kukutana na foleni ya daraja la Selander jioni.

Kwa hiyo Mama hukamua. Hukamua usiku, hukamua alfajiri, na nimeambiwa kwamba mchana hukamua kwenye chumba cha kuhifadhia mafaili huku mwenzake akiulinda mlango. Kila chupa huandikwa saa. Kazi yangu ni kuzitoa kwenye friji kwa mpangilio, iliyotangulia kukamuliwa itangulie kunywewa, kuipasha kwa kuiweka ndani ya maji ya moto na si juu ya jiko, na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, taratibu, akiwa ameinuliwa kichwa. Umeme ukikatika naufunga mlango wa friji na simruhusu mtu aufungue hata kwa maji ya kunywa, kisha naanza kuhesabu, kwa maana joto la Dar halina subira na maziwa. Siku moja ilinilazimu kumwaga chupa. Mama aliporudi nilimwambia kabla hajavua viatu. Alikaa chini akatazama kile kikombe, hakusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia, kwa sababu sote wawili tulijua ilitengenezwa saa ngapi za usiku.

Naeleza haya ili msomaji asimfikirie vibaya mwanamke huyu kwa yale yatakayofuata. Hanihesabii nyama. Hanipigii simu kila saa. Kliniki muuguzi alipouliza Babu ameharisha tangu lini, Mama alinigeukia mimi, nikajibu, na nikaona jinsi jibu langu lilivyompa nafuu na kumchoma kwa wakati mmoja. Anafanya kazi kwa sababu mshahara mmoja hautoshi nyumba ile, na sehemu ya huo wa pili ndiyo inayonilipa mimi. Tumefungwa kwenye hesabu moja.

"Si unawapenda?"

Alipokuwa amerudi kazini na mimi nimeshakuwa na watoto wawili kwa mshahara wa mmoja, nilimwomba tuzungumze. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaja nauli, nilitaja muda ninaoondoka jioni, nilitaja kwamba mtoto mchanga na wa miaka mitatu hawaongezeki kwa kujumlisha, kwa kuwa mmoja hulala pale mwingine anapotaka kupanda meza. Mama alisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, tabasamu la kweli, akasema, "Lakini Dada, si unawapenda?"

Nilinyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo, na hiyo "ndiyo" yangu ilikuwa imeshawekwa juu ya meza kabla sijaitamka, upande wake wa hesabu. Kukana kungekuwa uongo, na kukubali kungekuwa kusaini. Nikasema nitaendelea kufikiri, nikaenda kuanua nguo za mtoto mchanga.

Katika majuma yaliyofuata nilijitahidi kumtetea kichwani mwangu, na mara kadhaa nilikaribia kushinda kwa niaba yake. Huenda ana haki. Huenda kazi yenye furaha inastahili kulipwa pungufu ya kazi isiyo nayo, kwa kuwa anayezoa takataka au anayekesha getini hana Babu wa kumchekesha. Huenda mimi nataka vyote viwili, na mtu anayetaka vyote huwa ni mlafi. Nilifikiri hivyo nikiwa nimebanwa mlangoni mwa basi, na kwa kitambo mawazo hayo yalinikaa sawa.

Kisha nikakumbuka Masaki. Kabla ya likizo ya Mama, yule mwenzetu mtu mzima wa benchini aliniletea habari ya familia ya wageni waliotaka mlezi, kwa fedha ambazo zingenifanya nihame Kimara. Nilikataa bila kumwambia mtu. Sababu ilikuwa ni Babu, hakuna nyingine. Basi ikiwa mapenzi yangu kwa watoto hawa yana thamani ya fedha, thamani hiyo nilikuwa nimeshailipa mimi, kila mwezi, tangu siku niliyosema hapana. Kutakiwa kuilipa tena kwa kukosa nyongeza ni kulipa mara mbili kwa bidhaa ile ile.

Wazo hilo lilinipa nguvu, ila halikuniondolea shaka nyingine iliyo chini yake, ambayo haihusiani na Mama hata kidogo.

Mtoto wa Sinza

Kabla ya Babu nililea msichana mmoja Sinza, na wakati huo nilikuwa nalala hapo hapo. Nilimpokea akiwa hajatambaa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeketi sakafuni aliposimama dede kwa mara ya kwanza akishikilia ndoo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka kila Jumapili jioni, kichwa chake kati ya magoti yangu, akinisimulia hadithi zisizo na mwisho. Serikali ilipohamia Dodoma, wazazi wake walihama nayo. Waliniomba niende nao na sikuweza. Siku ya kuondoka alikuwa amelala kwenye gari, na ilikuwa afadhali.

Mwaka uliofuata mama yake alinitumia picha ya mtoto akiwa amevaa sare ya darasa la kwanza, ananitazama moja kwa moja, amesukwa na mtu mwingine. Aliyemsuka ana mkono mzuri kuliko wangu. Nikampigia mama yake kumshukuru, akampa mtoto simu, mtoto akasema "shikamoo anti" kwa adabu zote anazopewa mtu asiyejulikana.

Hapo ndipo shaka ilipo. Ninalea watu ambao hawatanikumbuka, na mara nyingi nimejiuliza kama furaha ya namna hii ni ya kweli au ni kitu kinachokopeshwa. Wapo wenzangu ambao kwa sababu hiyo wameamua kulea kwa mikono tu na kuufungia moyo nyumbani. Nawaelewa. Nilijaribu miezi ya kwanza kwa Babu na sikuweza, kwa sababu mtoto hulijua hilo upesi, na anayelelewa kwa mikono tu hulia zaidi, hula kidogo, na kazi huwa ngumu maradufu. Nimefikia mahali pa kukubali kwamba msichana yule hahitaji kunikumbuka ili yale aliyoyapata yawe yake. Anatembea vizuri. Anasalimia vizuri. Mchango wangu umeingia humo na hautoki, hata kama hauna jina.

Ni kweli pia kwamba picha ile bado siwezi kuitazama kwa muda mrefu.

Hela ya sabuni

Nina mtoto wangu mwenyewe. Yuko Kilolo, Iringa, kwa mama yangu, na anasoma huko. Ada ya shule ya msingi hailipwi, kama tujuavyo, lakini daftari hununuliwa, sare hununuliwa, na kule kwetu baridi ya mwezi wa saba haimwachi mtoto aende bila sweta. Mshahara wa Mikocheni unakwenda Kilolo kwa simu, na jioni nikiwa nimefika chumbani mwangu napiga kusikiliza sauti yake. Sipendi kuliandika hili kwa machozi, kwa sababu wanawake wengi mno wa jiji hili wanaishi hivi na hawana muda wa kulia. Ninalolitaka hapa ni neno moja la mama yangu.

Nilipiga simu usiku mmoja katika majuma hayo ya kufikiri, nikamkuta anamsifia mjukuu. Kijana amesaidia kuchimba viazi, kijana ana akili, kijana amelala na kitabu kifuani, Mungu amenipa mjukuu. Aliendelea kwa muda mrefu, sauti imejaa, na alipomaliza, bila kuvuta pumzi wala kubadilisha sauti, akasema: "Sasa mwanangu, hela ya sabuni imekwisha, na ya kusaga mahindi nayo."

Nilicheka peke yangu gizani.

Mama yangu anampenda mtoto yule kuliko anavyojipenda, na hajawahi kuona kwamba kusema hivyo kunamzuia kudai sabuni. Mambo hayo mawili kwake hukaa kwenye pumzi moja bila kugusana. Wala mimi, niliye mbali na ninayetuma, sijawahi kumjibu kwamba si anampenda mjukuu wake. Angenishangaa. Angedhani nimeugua.

Jedwali halina watoto

Kabla sijarudi kuzungumza na Mama nilitafuta pia sheria inasema nini, kwa sababu sikutaka kwenda na methali tupu. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliwagawa wafanyakazi wa nyumbani katika mafungu: anayefanya kazi kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa, shilingi 250,000 kwa mwezi, kwa afisa anayestahili kupewa huduma ya mfanyakazi wa nyumbani, 200,000, asiyelala kwa mwajiri, 120,000, na anayelala, 60,000. Nilikuwa juu ya kiwango changu, na nilipaswa kulikubali hilo kwa uaminifu. Kilichonishika ni kitu kingine. Mgawanyo huo uliuliza mwajiri ni nani na wewe unalala wapi. Haukuuliza kama unalea, unalea wangapi, wala wana umri gani. Mtu anayetunza bustani na mtu anayehesabu saa za maziwa ya mtoto mchanga wakati umeme umekatika walikuwa kwenye mstari mmoja.

Nikakuta pia tarehe iliyonifanya nitabasamu. Tarehe 16 Juni, ambayo kwetu ni Siku ya Mtoto wa Afrika kwa kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976, ndiyo pia siku ya kimataifa ya wafanyakazi wa nyumbani, kwa sababu tarehe hiyo mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 189 unaotuhusu. Mkataba huo unataja mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na sheria yetu nayo inayataja. Mwezi wa sita watoto huvalishwa fulana na kuandamana, na sisi ndio huwa tumewavalisha hizo fulana. Nadhani hakuna aliyepanga iwe hivyo, na ndiyo maana inanifurahisha.

Tulipozungumza tena

Nilisubiri Jumamosi, watoto wakiwa na baba yao. Sikuanza na nauli safari hii.

"Mama, siku ile uliniuliza kama nawapenda watoto. Nawapenda. Babu nampenda na mdogo wake nampenda, na hata usiponiongeza senti nitawapenda mpaka siku nitakayoondoka. Kwa hiyo hilo naomba tuliweke pembeni, kwa kuwa halina bei. Tuzungumze kazi."

Alinitazama muda mrefu. Alisema kwamba hakuwa amemaanisha hivyo, na namwamini. Akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kazini kwake bosi alimwambia maneno yanayofanana na yale alipoomba kutoka mapema kwenda kunyonyesha: kwamba yeye ni mtu anayeipenda kazi yake, bila shaka atavumilia. Hatukucheka, ila tulikaribia.

Sikupata nilichoomba. Nilipata karibu nusu ya nyongeza niliyoitaja, nikapata Jumamosi nzima bila kuitwa, na tukaandika mambo hayo kwenye karatasi tukatia sahihi wote wawili. Baadhi ya wenzangu wa benchini wanaona nimepunjwa. Mwingine anaona nimejitahidi sana kwa mtu aliyeanza kwa kukiri kwamba anapenda, na ananitumia kama mfano wa jambo lisilopaswa kujaribiwa na kila mtu. Huenda wote wana haki. Waajiri hawafanani, na najua zipo nyumba ambazo maneno yangu yale yangenirudisha Kimara mchana huo huo na mkoba wangu.

Kilichobadilika ambacho hakimo kwenye karatasi ni kwamba siku hizi mbele ya Mama nasimulia. Akirudi jioni namweleza habari za kuku wa soksi na za fedha za kuolea ambazo Babu anazitafuta, nami nacheka ninaposimulia, sioni tena haja ya kuuficha uso. Naye ameanza kuniuliza mambo ambayo zamani aliyaamua peke yake kwa kusoma kwenye simu.

Mdogo anatimiza miezi sita wiki ijayo na ataanza kula. Mama anataka aanze na uji wa unga wa mchanganyiko unaouzwa dukani, wenye karanga na dagaa na nafaka za kila aina ndani yake. Mimi nasema viazi mviringo, vilivyopondwa vikalainishwa kwa maziwa yake mwenyewe, kitu kimoja kwanza ili kikimkataa tujue ni kipi. Tumebishana tangu Alhamisi, na hakuna aliyekubali bado.